Punje ya Kumi na Moja

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Ukiondoa wagonjwa, wazee waliokuja kusoma wakiwa na wajukuu, na wale walioamini kwamba kukimbiza mpira ni dhambi, tulibaki kumi na moja kamili. Kwa hiyo hatukuchaguliwa, tulibaki tu. Hao hao kumi na moja ndio walikuwa timu ya mpira, ndio waliokimbia mbio za kupokezana vijiti, ndio waliovuta kamba, na winga wetu wa kulia aliruka juu peke yake kwa niaba ya chuo kizima maana sisi wengine tulikuwa tunaangusha ufito. Mtu akiteguka kifundo cha mguu siku ya Jumatano, chuo kilikuwa kimepoteza timu nne kwa mpigo.

Mimi nilikuwa golikipa. Niliwekwa golini kwa kuwa nilikuwa mrefu na sina mbio, na sikulalamika. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, juu ya kilima kimoja cha Karagwe, na uwanja wetu ulikuwa changarawe tupu uliolalia upande mmoja. Magoti ya golikipa hayakuwahi kupona pale. Kila kidonda kilichoanza kukauka Ijumaa kilifunguka tena Jumamosi, na nilikwisha kuzoea kutembea na damu kwenye goti kama watu wengine wanavyotembea na leso.

Mbele yangu alicheza beki mmoja mfupi, Mhaya wa Muleba, ambaye alicheka kila kitu, hata mabao tuliyofungwa. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki yangu. Vitanda vyetu vilipakana, tulichangia sabuni, na nyumbani kwao wakimletea senene wa kukaanga alinimegea kwanza mimi kabla hajaonja. Mimi nilikuwa Mnyambo wa Nyakatuntu, na urafiki wetu ulikuwa kitu cha ajabu kidogo pale chuoni, maana wenzetu walikuwa wamegawanyika pande mbili. Waliotoka Bukoba na Muleba walituona sisi washamba, wakaiga matamshi yetu mezani. Sisi tuliwaona wao wana maringo. Uwanjani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Winga wa kulia angekubali kunyang'anywa mpira kuliko kumpa Mnyambo aliyesimama wazi mbele ya goli, na mshambuliaji wetu wa Kinyambo naye akipata mpira aliwalipa vivyo hivyo. Mwalimu wa michezo alipiga filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Kapteni wetu alitoka Bugomora. Alituzidi umri, kama miaka sita hivi, kwa sababu kabla ya kuja chuoni alikuwa amechimba bati miaka mitatu kwenye machimbo ya Kyerwa, na mabega yake yalionyesha hivyo. Alikuwa na mke na mtoto mmoja nyumbani. Akikasirika alinyamaza, na kunyamaza kwake kulitutisha kuliko filimbi ya mwalimu.

Nimwelezee na Mkuu wa chuo, maana mambo yote yaliishia kwake. Alikuwa mmisionari aliyezeekea Karagwe, anayesema Runyambo vizuri kuliko baadhi ya vijana wa Bukoba, mpole, mpenda maua, lakini mwenye sheria moja isiyo na msamaha. Mwanafunzi akikutwa na hirizi, akionekana kwa mganga, au akishiriki tambiko lolote, alifunga sanduku lake siku hiyo hiyo na cheti cha ualimu hakupata tena popote. Katika mwaka wangu wa kwanza niliona wawili wakiondoka hivyo. Nyumbani Nyakatuntu, baba yangu alikuwa mwinjilisti. Alikuwa ameshaanza kuniita "mwalimu" mbele ya wageni wakati bado nilikuwa na mwaka na nusu wa kusoma, na wenzangu chuoni walinitania kwa kuniita Mwinjilisti. Cheti kile kilikuwa ndiyo maisha yangu yote. Sikuwa na mpango mwingine.

Kisa chenyewe kilianza tulipofungwa sita bila na timu ya wachimba bati, mbele ya Mkuu aliyekuwa amekuja na kiti chake. Jumatatu yake alitangaza kwamba chuo kikubwa cha Bukoba kingekuja kucheza nasi baada ya wiki tatu, na kwamba akiona aibu nyingine kama ile, uwanja ataupanda mahindi.

Jumamosi iliyofuata, mchana, wenzetu wote waliposhuka mtoni kufua, kapteni alituita sisi kumi nyuma ya migomba ya chuo. Tulidhani anataka kupanga wachezaji. Alikuwa ameshika jani la mgomba lililokunjwa.

"Hivi hatuendi popote," alisema. "Mhaya hampi Mnyambo, Mnyambo hampi Mhaya. Mimi nimechimba bati na watu wa kila namna. Kule shimoni, kama huna ndugu karibu, unafukiwa. Basi leo tunakuwa ndugu."

Winga wa kulia alicheka. Kapteni akalifungua lile jani, na ndani tukaona punje za kahawa na wembe. Kicheko kikamfia winga mdomoni.

Kwa asiyeujua omukago, huo ni udugu wa damu, na babu zetu wote, Wahaya kwa Wanyambo, waliuishi. Watu wawili huketi wakitazamana. Punje ya kahawa hugawanywa nusu kwa nusu. Kila mmoja hujichanja kidogo pembeni mwa kitovu, huipaka nusu yake damu, kisha mwenzake huimeza kutoka kwenye kiganja chake. Baada ya hapo humnyimi kitu, humwachi katika shida, na humtaji kwa mtu anayemtafuta, hata uwekewe mkuki shingoni. Atakayevunja, tumbo lake litavimba, ama lake ama la yule aliyekula naye. Misheni iliupiga vita omukago kuliko hata pombe. Baba yangu mwenyewe, alipobatizwa, alimwambia ndugu yake wa damu mbele ya watu kwamba udugu wao umekwisha, na yule mzee hakukanyaga tena kibanja chetu mpaka alipozikwa.

"Omukago ni wa watu wawili," beki alisema. "Kumi na moja wapi na wapi?"

"Ni wawili wawili," kapteni alimjibu. "Wa kwanza na wa pili. Wa pili na wa tatu. Hivyo hivyo mpaka mwisho, na wa kumi na moja anarudi kwangu. Punje kumi na moja. Hakuna atakayebaki nje."

Nadhani hakuna watu wengine duniani ambao wangelifikiria jambo hilo, timu ya mpira ya walimu watarajiwa wa misheni kujifunga kwa damu ili winga ampe mpira sentafowadi. Lakini ukiwa umekaa pale, umeshiba aibu ya mabao sita, lilionekana jambo la akili kabisa. Mmoja mmoja walisogea. Winga aliyecheka ndiye alikuwa wa pili.

Nilijua wakati ule ule kwamba napaswa kuinuka niende zangu. Njia ilikuwa wazi. Ningesema, "Jamani, mnajua mimi ni mtoto wa nani," na pengine wangenielewa. Sikuinuka kwa sababu ya woga wa namna mbili uliokuwa unanivuta huku na huku. Niliogopa wembe ule ungeniondolea cheti, na niliogopa nikiondoka nitakuwa mtu wa kumi na moja asiye na ndugu katika timu ya watu kumi. Basi nikafanya kitu kibaya kuliko vyote viwili.

Nafasi yangu ilikuwa ya mwisho, golikipa, kati ya beki na kapteni. Ilipofika zamu yangu wenzangu walikuwa wanajifuta, wanabana vidonda vyao kwa majani, na hakuna mwanamume anayekodolea macho kitovu cha mwenzake. Niligeukia migomba, nikainua shati, nikajikunja kama mtu anayejichanja. Mkono wangu wa chini ulikuwa kwenye goti. Nilikwangua kigaga cha kidonda changu, damu ikatoka nzuri tu, nyekundu kama ya mtu yeyote. Nikazipaka nusu zangu mbili za kahawa, moja ya beki na moja ya kapteni.

Beki aliimeza yake huku ananitazama machoni. Hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hacheki, na nilitamani ardhi inimeze. "Munywani wangu," aliniambia, yaani ndugu yangu wa damu, akanikumbatia. Kapteni naye akameza. Nusu walizonipa mimi nilizificha chini ya ulimi, nikaondoka kama mtu anayekwenda haja ndogo, nikazitema kwenye mtaro wa maji na kuzifukia kwa kisigino.

Nikajiambia nimeshinda pande zote. Mwilini sina alama, na kwenye timu nimo.

Mabadiliko yalionekana Jumatatu iliyofuata. Winga wa kulia alipokea mpira, akainua kichwa, akampa Mnyambo. Mwalimu wa michezo alisahau kupiga filimbi. Mezani matani yaliendelea lakini sumu yake ilikuwa imetoka. Mtu akiishiwa chumvi alipewa, akiugua aliamkiwa, na siku kapteni alipopata barua kwamba mtoto wake ana homa, winga wa kulia, kijana wa Bukoba, alitembea naye mpaka Bugomora na kurudi. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Kile kitu kilikuwa kinafanya kazi, na mimi peke yangu nilijua kwamba kina tundu.

Siku ya mechi, watu wa Bukoba walifika na lori, wana viatu, wana jezi za mistari. Sisi tulikuwa miguu mitupu na fulana za kushona wenyewe. Walipata bao mapema. Tukarudisha kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili winga wetu alikimbia upande mzima, akaacha mtu wa kwanza, akaacha wa pili, na alipoweza kupiga mwenyewe akamsogezea kapteni, ambaye alifunga kwa goti. Nilimwona Mkuu akisimama kutoka kwenye kiti chake. Dakika zilizobaki tulisukumwa mpaka ndani ya eneo letu, wote kumi na moja, na katika vurugu hizo mpira ukamgonga beki mkononi. Refa akaonyesha penalti.

Nilisimama kwenye mstari. Aliyekuwa anapiga alikuwa na kiatu cha kulia kikubwa kama jembe, na nakumbuka niliwaza kwamba huu sasa ndio mwisho, omukago utanilipa hapa hapa mbele ya watu wote. Nilijirusha kushoto bila kufikiri. Mpira ulinipiga kifuani, ukatoka, na nikasikia kilio kikubwa cha furaha. Walinibeba. Kapteni alinivuta kichwa, akaniambia sikioni, "Umeona?"

Haikupita hata wiki tatu, beki akaanza kulalamika tumbo. Siku ya kwanza tulicheka, tukasema ni maharage ya chuo. Siku ya tatu hakula. Siku ya tano tumbo lilikuwa limeinuka chini ya blanketi na limekaza kama ngoma, na yeye mwenyewe amekonda mashavu. Alitutazama mmoja mmoja kwa macho makubwa, wala hakuuliza swali ambalo sote tulikuwa nalo.

Jioni ile, baada ya vipindi, kapteni alitukusanya darasani na kufunga mlango.

"Kuna mtu amevunja," alisema. "Ama amesema nje, ama amemfanyia mwenzake ubaya. Sitaki kujua ni kwa nini. Aseme tu. Hatapigwa wala hatatukanwa. Tutakaa tena, tutarudia, na mwenzetu atapona. Akinyamaza, tunazika mtu."

Tuliulizwa mmoja mmoja. Kila mmoja alijibu kwa kiapo. Nilikuwa wa mwisho tena, kama kawaida ya golikipa, na nilikuwa na muda wa kutosha kusikia sauti nane zikiapa kwa uchungu. Kapteni aliponigeukia nilimwambia sijavunja omukago. Na hapo, kwa kichwa changu cha mwanasheria, nilikuwa nasema kweli tupu. Ningevunjaje kitu ambacho sikukifunga? Nilijichukia kwa ujanja huo hata kabla sijamaliza kutamka.

Mtu ataniuliza kama niliamini. Mchana niliamini yale niliyofundishwa nyumbani na kanisani, kwamba punje ya kahawa ni punje ya kahawa. Lakini nilikuwa nalala hatua moja kutoka kitanda cha yule rafiki yangu, nikimsikia anavyovuta pumzi kwa vipande, na mafundisho yote hayakunisaidia. Mara mbili nilifungua mdomo ili nimwambie. Mara mbili alinitangulia kwa kuniomba maji, nikampa maji, nikanyamaza.

Mkuu alipoarifiwa aliamuru apelekwe hospitali ya misheni. Tulimbeba kwa machela sisi wenyewe, tukipokezana mabegani, mwendo wa asubuhi hadi saa nane mchana, tukapanda na kushuka vilima. Aliomba mimi nitembee upande wa kichwa. Kila tulipotikisika aliuma meno.

"Munywani wangu," aliniambia tulipopumzika mahali, "usiniache kule peke yangu."

"Nipo," nilimjibu.

Hospitalini dresa, mhudumu wa wagonjwa, alifunua blanketi na kuanza kumkandakanda tumbo. Ghafla mkono wake ukasimama pembeni mwa kitovu. Alama ilikuwa bado changa, ina wekundu. Yule dresa alikuwa mtu wa Karagwe, hakuhitaji kuelezwa. Alituinulia macho, kisha akamrudishia mgonjwa blanketi vizuri. Tulimwacha beki pale, tukarudi chuoni, kila mtu akijua kinachokuja.

Kilikuja Jumatatu asubuhi baada ya sala. Mkuu alitutenga sisi kumi na wengine wote akawaamuru waingie madarasani. Tulisimama uwanjani kwenye mstari wa chokaa, ambao mvua ilikuwa haijaufuta tangu siku ya mechi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala.

"Inueni mashati," alisema.

Alianzia kwa kapteni. Aliinama mbele ya kila mtu, akatazama, akahesabu kwa sauti ndogo. Moja. Mbili. Kuna aliyekuwa analia, sikuthubutu kugeuka kumwona ni nani. Saba. Nane. Mimi nilikuwa mwisho wa mstari, shati limenifunika kidevu, na nilijua ninachosubiri si kile walichokuwa wanasubiri wenzangu. Wao waliogopa macho ya Mkuu. Mimi niliogopa macho yao.

Tisa. Kisha akafika kwangu. Alivaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Safi," alisema, na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli. "Mungu asifiwe. Hana kitu."

Mstari mzima uligeuza shingo. Winga wa kulia alinitazama usoni kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kapteni, kule mwanzo wa mstari, alijitokeza kidogo ili anione. Hakunitazama usoni. Alitazama tumbo langu, taratibu, kwa muda mrefu, na nilimwona akielewa.

Mkuu alinishika bega, akanitoa kwenye mstari, akanisimamisha ubavuni pake, nikiwatazama wenzangu.

"Kuna mmoja aliyeanzisha," alisema. "Huyo ataondoka leo. Hawa wengine watatubu kanisani na kulima shamba la chuo mpaka likizo, na nitawahurumia. Lakini mkimficha, wote tisa mtaondoka, na yule aliye kitandani akipona asirudi hapa. Walio na alama najua hawatasema, wamejifunga. Wewe hukujifunga nao. Sema, mwanangu."

Sijawahi kupewa heshima mbaya kama ile. Niliwatazama. Vyeti kumi vilikuwa juu ya ulimi wangu, cha beki kikiwemo, ambaye nilimwambia nipo. Nilifikiri kusema ni mimi. Nilifikiri kweli, na ningetaka niaminiwe katika hilo. Lakini uongo ule ulihitaji alama, na tumbo langu lilikuwa limeshatangazwa safi mbele ya watu. Woga wangu wa siku ile ya migomba ulikuwa umeninyang'anya hata uwezo wa kudanganya kwa ajili ya mtu mwingine. Kisha nikafikiri: mmoja kwa kumi. Hesabu hiyo ni rahisi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeipata. Nikainua mkono, nikamnyooshea kapteni kidole.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshavuka mstari wa chokaa.

Alikuwa anakuja mwenyewe. Mdomo wake ulikuwa umefunguka, neno liko njiani. Kama ningevuta pumzi moja tu, moja, angelisema yeye, na mimi nisingekuwa na jambo la kusimulia leo. Alisimama pale pale, mguu mmoja mbele, akitazama kidole changu ambacho nilishindwa kukishusha.

"Nilikuwa nakuja," alisema. Hakuwa anamwambia Mkuu. Alikuwa ananiambia mimi.

Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameondoka na sanduku la mbao kichwani. Hakuna aliyeruhusiwa kumsindikiza. Tulisikia baadaye kwamba hakukaa Bugomora hata mwezi, alirudi shimoni kuchimba bati. Wenzangu wanane walitubu na kulima. Nilikwenda kwa Mkuu kuomba jembe nami nilime nao, akacheka kwa upole, akaniambia asiye na kosa hatumikii adhabu. Basi kila jioni nilikaa barazani na kitabu, nikiwaona wanavyoinama na kuinuka shambani, na hakuna aliyeniinulia macho. Hawakunitukana. Wakinikuta njiani walinipisha vizuri, kama watu wanavyompisha mgeni.

Beki alirudi baada ya mwezi na nusu, mwembamba, mzima. Daktari alikuwa amemkuta na minyoo iliyojifunga kama kamba ndani ya utumbo, akaitoa. Minyoo tu. Nilipomwona anashuka kwenye lori la misheni nilikimbia kumpokea mzigo. Alinipa mkono, akaniuliza hali, na mzigo akaubeba mwenyewe. Walikuwa wamekwisha kumwambia kila kitu. Jioni ile alihamisha kitanda chake, na hakuna senene walioletwa tena upande wangu.

Cheti nilikipata. Nimefundisha miaka mingi, nimestaafu kwa heshima, na baba yangu alikufa akijivuna juu yangu. Siku ya kukabidhiwa, Mkuu alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema angependa Karagwe nzima iwe na vijana kama mimi.

Lakini kabla ya hapo tulicheza mara moja zaidi. Kijana wa mwaka wa kwanza, aliyefika muhula huo, aliingizwa badala ya kapteni, na mimi nikaachwa golini kwa kuwa hakukuwa na mwingine mrefu. Katikati ya kipindi cha pili beki alipata mpira karibu na goli letu, na watu wawili wakamfuata kwa kasi. Hakuwa na pa kwenda. Nilikuwa hatua tano nyuma yake, peke yangu, mikono wazi, na nilipiga kelele, "Nipe! Nipe mimi!" Alinisikia. Aligeuza kichwa, akaniona vizuri. Kisha akaupiga mpira nje kwa nguvu zake zote, akawapa kona, akaenda kusimama pembeni mwa nguzo bila kunitazama. Nami nikarudi kwenye mstari wangu kuisubiri.